Kwenda Versailles na Kurudi Siku Moja: Kasri Asubuhi, Bustani Mchana Kutwa

Kila mgeni anayefika Paris kwa mara ya kwanza huja na maswali yaleyale. Treni ya Versailles ni ipi? Tiketi ninunue wapi? Bustani ni bure au ya kulipia? Mbona mwenzangu alikwenda akakuta chemchemi zote zimelala? Siku moja inatosha? Nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti, mtu mmoja mmoja, na sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Siku moja inatosha, mradi ufike mapema na usikubali siku yote iishie ndani ya kasri. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaingia saa sita mchana, wanabanana vyumbani hadi saa tisa, na wakitoka miguu haiwabebi tena. Wanapiga picha mbili juu ya ngazi, wanarudi stesheni. Bustani wanaiacha bila kuikanyaga, bustani ambayo Mfalme Louis XIV aliithamini hadi akaandika mwenyewe maelekezo ya namna mgeni anavyopaswa kutembezwa humo: aanzie wapi, asimame wapi, ageuke atazame nini. Mpango ninaokupa hapa unaipa bustani haki yake.

Historia nitaigusa kidogo tu. Mahali hapa palianza kama nyumba ya kuwindia aliyojenga Louis XIII mwaka 1623. Mwanawe, Louis XIV, alianza kuipanua mwaka 1661, na tarehe 6 Mei 1682 akahamishia huko makao yake na serikali yote ya Ufaransa. Familia ya kifalme iliondolewa na umati wa Wanaparis mwezi Oktoba 1789, wakati wa mapinduzi. Kasri likawa makumbusho mwaka 1837, na tangu 1979 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Tiketi ya kasri yenye saa ya kuingia, umeipakua kwenye simu. Usitegemee intaneti langoni, watu ni wengi.
- Kadi ya usafiri ya Navigo Easy, moja kwa kila mtu. Kadi huuzwa euro 2 stesheni, kisha unaijaza safari.
- Pasipoti au kitambulisho. Walio chini ya miaka 18 huingia kasrini bure, na wakaazi wa nchi za Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26 pia huingia bure. Mwanafunzi wa Nairobi anayesoma Brussels au Berlin asiache kibali chake cha ukaazi nyumbani.
- Viatu vya kutembelea, vile ulivyokwisha kuvizoea. Uani ni mawe, bustanini ni changarawe. Viatu vya visigino virefu vitakutesa kabla hujafika nusu ya njia.
- Chupa ya maji na chakula cha mchana. Anayekula halali ndiye hasa abebe chakula chake, maana migahawa ya ndani ni michache na ya bei.
- Begi dogo la mgongoni. Masanduku ya safari hayaruhusiwi kuingia.
- Kofia wakati wa kiangazi, koti la mvua miezi mingine yote.
- Simu iliyojaa chaji.

Kama una mtoto mchanga, chukua kanga ya kumbebea. Kigari cha mtoto kwenye changarawe ni kazi ya kusukuma siku nzima, na mbeleko zenye fremu ya chuma hazikubaliwi ndani ya vyumba.

## Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Kasri hufungwa kila Jumatatu, na pia tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Anza na hilo, kwa sababu kila wiki kuna watu wanaofika na watoto wao Jumatatu asubuhi wakakuta mageti yamefungwa.

Jumanne kuna msongamano, maana makumbusho ya Louvre hufungwa siku hiyo na watalii wote wanahamia huku. Jumamosi na Jumapili pia ni vivyo hivyo. Siku tulivu ni Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Lakini kuna jambo la kupima. Chemchemi hazitiririki siku zote. Kati ya Aprili na Oktoba huwa na maonyesho ya maji na muziki, na siku zake za uhakika ni Jumamosi na Jumapili, pamoja na baadhi ya Jumanne. Siku nyingine nyingi za msimu huo muziki hupigwa bustanini na maji mengi yakiwa yamezimwa. Ushauri wangu ni huu: kama unakuja mara moja tu, njoo Jumamosi ya msimu wa maji uvumilie msongamano. Bustani hii ilibuniwa kwa ajili ya maji. Bila maji utaona mabeseni ya mawe na masanamu, na utajiuliza watu wanasifu nini. Kama unaishi Ulaya na unaweza kurudi, basi Alhamisi ya Mei au Septemba itakufaa zaidi.

2. Nunua tiketi kwenye tovuti rasmi ya kasri. Nenda moja kwa moja kwenye tovuti yao. Ukitafuta ovyo mtandaoni utaangukia kwa madalali wanaouza tiketi ileile kwa bei ya juu. Bei hubadilika kwa msimu na kwa mahali unapoishi, kwa hiyo soma ukurasa wa bei kwa makini kabla ya kulipa.

Kwa safari ya siku nzima chukua ile inayoitwa "Passeport". Inafungua kasri, makasri madogo ya Trianon, na bustani siku za maonyesho. Tiketi ya kasri peke yake ni ya bei nafuu, ila huenda ukalazimika kulipia bustani kando. Na uangalie jambo hili ukiwa na watoto: kasrini ni bure kwa mtoto wa miaka kumi, lakini siku za maonyesho ya maji bustani hulipiwa, wa kuingia bure ni wale wadogo kabisa.

Chagua saa ya kwanza kabisa, 9:00. Hiyo ni saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Nalisema wazi kwa sababu tiketi huandikwa kwa saa za Kifaransa, na kwenye familia huwa kuna mmoja anayesoma 9:00 akamwambia shangazi kwa simu "saa tisa". Una takribani nusu saa tu kutoka saa iliyoandikwa.

Tiketi ya kasri ni ya kuingia mara moja. Ukishatoka ndani, umetoka.

3. Panda treni iliyo sahihi. Versailles iko kilomita 20 hivi kusini-magharibi mwa Paris, na ina stesheni tatu tofauti. Makosa mengi huanzia hapa.

- *Versailles Château Rive Gauche* ndiyo iliyo karibu zaidi, dakika kumi kwa mguu hadi kasrini. Unafika kwa RER C, treni ya mkoa inayopita katikati ya Paris, ukipandia Austerlitz, Saint-Michel, Musée d'Orsay, Invalides au Champ de Mars karibu na mnara wa Eiffel.
- *Versailles Rive Droite* unafika kwa treni ya mstari wa L kutoka Saint-Lazare. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika ishirini hivi.
- *Versailles Chantiers* unafika kwa mstari wa N kutoka Montparnasse. Nayo ni dakika ishirini hivi kwa mguu.

Onyo: RER C ina matawi mengi, na lipo tawi linalopita Versailles Chantiers, stesheni iliyo mbali zaidi na kasri. Usipande kwa kuona neno "Versailles" pekee. Soma jina zima kwenye ubao: *Versailles Château Rive Gauche*. Ni kituo cha mwisho, hutakipita.

Tangu Januari 2025, nauli ya metro, treni na RER ni moja kwa mkoa wote wa Paris isipokuwa uwanja wa ndege. Ilianza kwa euro 2.50. Jaza safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujapanda, kwa sababu jioni mashine za Versailles huwa na foleni ndefu. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili: baba akigusa kisha akampa mama naye aguse, mkaguzi akiwakuta ni faini. Tiketi ya basi nayo ni nyingine, haiingii kwenye treni.

Lenga treni ya kabla ya saa mbili kasorobo asubuhi. Mwendo ni kama dakika arobaini. Simu na pochi viweke mbele ya mwili. RER C inabeba watalii wengi, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo.

4. Kutoka stesheni hadi langoni. Ukitoka Rive Gauche, pinda kulia, kisha kushoto kwenye barabara pana ya Avenue de Paris. Kasri litakuwa mbele yako, huwezi kulikosa. Mbele ya geti kuna sanamu ya Louis XIV juu ya farasi. Watu watakaokufuata njiani wakikuuzia vinyago vya Eiffel, au wakikwambia tiketi yako haifanyi kazi, wapite kwa salamu tu.

Mwenye tiketi ya mtu binafsi anapita Lango A. Lango B ni la makundi yaliyopangwa. Kuna ukaguzi wa mabegi kama wa uwanja wa ndege, uwe umefika robo saa kabla.

5. Ndani ya kasri: saa mbili, usizidishe. Kasri lina vyumba kama 2,300. Utakavyoviona ni vichache, na njia imepangwa: unafuata mkondo wa watu kutoka kwenye kanisa, kupitia kumbi za mfalme, hadi Ukumbi wa Vioo, kisha kwa malkia. Pakua bure programu ya simu ya kasri ukiwa nyumbani. Ndugu wa Kongo, Burundi na Rwanda watafaidi maelezo ya Kifaransa, wengine wachukue ya Kiingereza. Picha zinaruhusiwa, lakini bila mwanga wa flashi, na fimbo ya selfie iache nyumbani.

Ukiwa umeingia saa tatu, fanya hivi: kumbi za mwanzo zipite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama kila mlango, ufike Ukumbi wa Vioo kabla ya makundi ya mabasi. Hapo ndipo pa kukaa.

Ukumbi huo ulijengwa kati ya 1678 na 1684 na msanifu Jules Hardouin-Mansart, dari likapambwa na Charles Le Brun. Una urefu wa mita 73. Upande mmoja kuna madirisha 17 yanayotazama bustani, na upande wa pili vioo 357 vinavyoyajibu. Usitazame dari tu. Nenda dirisha la katikati, tazama nje: mstari ulionyooka kutoka ukumbini, kupita chemchemi, kupita uwanda wa nyasi, hadi kwenye maji ya mfereji. Huo ndio uti wa mgongo wa mchana wako.

Kisha kumbuka jambo ambalo wenye kutembeza makundi mara nyingi hulipita haraka. Tarehe 18 Januari 1871, Ujerumani ikiwa inaelekea kuishinda Ufaransa vitani, Dola ya Ujerumani ilitangazwa ndani ya ukumbi huu. Ndiyo dola iliyokuja kuitwaa Tanganyika, Rwanda na Burundi. Tarehe 28 Juni 1919, katika ukumbi huohuo, wajumbe wa Ujerumani walitia saini mkataba ulioivua makoloni yake yote. Tanganyika ikaishia mikononi mwa Waingereza, Rwanda na Burundi mikononi mwa Wabelgiji. Hakuna Mtanganyika wala Mrundi aliyeulizwa.

Na ndani ya mkataba huo mna Kifungu cha 246. Kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ni Mkwawa huyuhuyu wa Wahehe, aliyekivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 na aliyekufa mwaka 1898 bila kukubali kushikwa. Miezi sita iligeuka miaka 35. Fuvu lilirudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954, na lipo huko hadi leo katika makumbusho yake. Ukiwa na watoto, wasimulie hapo hapo, wakiwa wamesimama kwenye sakafu ile. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya Mwafrika wa Mashariki kuingia kasrini badala ya kuishia bustanini.

Baada ya vyumba vya malkia, ukiona foleni inapungua, unaweza kupitia Ukumbi wa Vita wenye urefu wa mita 120. Ukiona saa tano imefika, uache. Nenda chooni, jaza chupa maji, toka nje.

6. Simama juu ya ngazi kwanza. Mpangaji wa bustani hii ni André Le Nôtre, aliyeanza kazi mwaka 1661. Maelekezo ya mfalme yanataka mgeni atokee barazani nyuma ya kasri, asimame juu ya ngazi na kutazama mpangilio wa vitalu vya maua, mabwawa na chemchemi kabla ya kushuka. Yafuate, mfalme alijua alichokuwa akisema.

Pale juu mabwawa mawili mapana yanaakisi kasri. Ukisogea mbele utaiona chemchemi ya Latona chini yako, na kwa mbali mfereji. Mfereji unaonekana karibu. Hauko karibu. Le Nôtre alicheza na miteremko na upana ili jicho lidanganyike, na wageni wengi humwambia bibi "tunafika pale mara moja" kisha wanatembea nusu saa.

Geuka kushoto kabla ya kushuka, chungulia chini kwenye bustani ya michungwa, Orangerie. Kuna miti zaidi ya elfu moja ndani ya masanduku ya mbao: michungwa, milimau, mikomamanga, mitende. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba huwa nje, kisha husukumwa ndani kwenye jengo la mawe lililo chini ya baraza ili baridi isiiue. Kwa mtu aliyekulia Pemba au Tanga, ambako mchungwa huota uani bila kuombwa, inashangaza kuona gharama aliyoingia mfalme kuufanya uishi hapa.

7. Ingia kwenye vichaka vilivyofichwa. Hili ndilo wanaloliacha wengi, na ndilo tamu kuliko yote. Pande zote mbili za njia kuu kuna kuta za miti iliyokatwa. Nyuma ya kuta hizo mna vyumba vya wazi, kila kimoja na siri yake. Wafaransa huviita *bosquets*. Chukua ramani ya karatasi langoni, itakusaidia kuliko simu.

Usijaribu vyote. Chagua vitatu:

- *Salle de Bal*, chumba cha dansi, kilichokamilika mwaka 1683. Maji hushuka kwa ngazi juu ya mawe na makombe ya baharini. Makombe hayo yaliletwa kutoka pwani za Afrika na Madagaska. Kaa kwenye ngazi za nyasi, uyatazame kwa utulivu.
- *Colonnade*, duara la nguzo za marumaru, la mwaka 1685.
- *Encelade*, jitu lililozikwa nusu mwili chini ya mawe, linalorusha maji kutoka kinywani hadi mita 25 juu. Watoto hawasahau.

Vichaka hivi hufunguliwa siku za maonyesho ya maji na siku za muziki. Majira ya baridi vingi hufungwa. Ratiba ya saa za maji imeandikwa kwenye karatasi utakayopewa langoni, na si chemchemi zote zinazofunguliwa kwa wakati mmoja. Panga vichaka vyako kwa ratiba hiyo.

Sababu ya maji kukatizwa ni ya zamani. Versailles haina mto mkubwa, na maji yalikuwa shida tangu mwanzo. Mwaka 1684 ilikamilika mashine ya magurudumu 14 huko Marly ya kupandisha maji ya mto Seine, na bado hayakutosha. Wafunguzi wa mabomba walikuwa wakipigiana miluzi mfalme anapokaribia, chemchemi hii ifunguliwe na ile aliyoipita ifungwe. Leo bado maji yanatembea kwa sehemu kubwa kwa nguvu ya mteremko, kutoka matangi ya juu hadi chemchemi za chini, ndiyo maana hayawezi kuachwa kutwa.

8. Shuka hadi mferejini, ule. Njia ya nyasi inayoshuka kutoka Latona ina urefu wa mita 335. Mwishoni kuna sanamu ya Apollo, mungu wa jua, na farasi wake wakiibuka majini, kazi ya Jean-Baptiste Tuby. Nyuma yake unaanza Mfereji Mkuu, mita 1,670 kwa urefu, uliochimbwa kuanzia 1668.

Onyo: kutandika mkeka na kula ndani ya bustani ni marufuku, na walinzi watakuinua. Kula kunaruhusiwa nje ya uzio wa bustani, kwenye mbuga iliyo kulia mwa mfereji, uwanda unaoitwa Plaine Saint-Antoine. Tandika hapo, fungua chapati zako, pumzika nusu saa. Kabla ya kutoka bustanini siku ambayo bustani hulipiwa, hakikisha tiketi yako iko karibu, utaionyesha tena ukirudi. Mferejini hukodishwa mitumbwi ya makasia, na baiskeli pia zipo.

9. Trianon na kijiji cha malkia. Sehemu hii hufunguliwa saa sita mchana, si kabla, kwa hiyo haina maana kuikimbilia asubuhi. Kutoka kasrini ni mwendo wa nusu saa kasoro kidogo, kutoka mferejini ni karibu zaidi. Kuna kitreni cha matairi kinachozunguka, kwa malipo yake.

Grand Trianon ni ya marumaru ya waridi, ya mwaka 1687. Pita upesi. Petit Trianon, aliyopewa Malkia Marie-Antoinette mwaka 1774, nayo pita. Kaza mwendo hadi kijijini, *Hameau de la Reine*, kilichojengwa kuanzia 1783 na Richard Mique: nyumba za mtindo wa wakulima, bwawa, bustani za mboga, zizi la mifugo. Malkia alijijengea kijiji cha kupumzikia wakati wakulima wa kweli walikuwa wakilia njaa. Miaka michache baadaye mapinduzi yakafika. Hata hivyo mahali penyewe pana utulivu mkubwa, na mistari iliyonyooka ya Le Nôtre haipo, njia zinapinda kama za shamba.

10. Rudi. Kama siku hiyo kuna onyesho la jioni kwenye chemchemi ya Neptune, rudi kwa miguu kupitia bustani, utalikuta upande wa kaskazini wa kasri. Kama hakuna na umechoka, toka kwa geti la Grille de la Reine karibu na Trianon, fuata Boulevard de la Reine hadi mjini, upande treni ya mstari wa L Rive Droite. Treni hiyo jioni huwa na nafasi kuliko RER C. Safari uliyojaza kwenye kadi inafanya kazi kotekote.

## Mambo yakikwama

RER C haifiki. Mara nyingi wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Agosti, sehemu ya RER C katikati ya Paris hufungwa kwa matengenezo. Migomo nayo hutokea. Tazama hali ya treni usiku wa kuamkia safari. Nenda Montparnasse au Saint-Lazare, au chukua metro namba 9 hadi Pont de Sèvres kisha basi 171 linalokushusha karibu na kasri.

Tiketi za kasri zimekwisha. Usiahirishe safari. Nunua tiketi ya bustani na ya Trianon, uanzie hatua ya sita. Utakosa Ukumbi wa Vioo, lakini utakuwa na siku nzuri kuliko aliyekesha kwenye foleni.

Bajeti ni ndogo. Mbuga na Mfereji Mkuu ni bure kwa watembea kwa miguu. Bustani yenyewe ni bure siku zisizo na maonyesho ya maji wala ya muziki, hasa Novemba hadi Machi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi katika miezi hiyo ya baridi, kasri nalo huwa bure, ila hujaa. Chakula nunua soko la Notre-Dame mjini. Masoko ya nje ni Jumanne, Ijumaa na Jumapili asubuhi.

Chemchemi hazitoki. Tazama ratiba kabla ya kulalamika. Huenda umefika kati ya zamu mbili. Sogea kichaka kingine.

Mvua imeshika. Geuza mpango: Trianon na vyumba vya Ukumbi wa Vita viwe vya wakati wa mvua, bustani uipe dakika za jua. Changarawe hukauka haraka, majani ya vichakani hayakauki.

Mmepotezana. Kubalianeni asubuhi mahali pa kukutania. Chemchemi ya Latona, upande wa kasri, ndiyo rahisi kwa kila mtu, kwani inaonekana kutoka juu na kutoka chini. Usiseme "kwenye sanamu". Sanamu ni mamia.

Una mzee au mtu asiyeweza kutembea sana. Mwenye ulemavu na msindikizaji wake mmoja huingia bure kwa kuonyesha cheti. Kasrini huazimwa viti vya magurudumu. Nje, mpandishe mzee kitreni hadi Trianon na arudi nacho. Vigari vya umeme pia hukodishwa kwa mwenye leseni ya udereva, ila siku za maonyesho ya maji njia zao hupunguzwa, kwa hiyo uliza bei na njia kabla ya kuahidi. Na kama uwezo ni wa sehemu moja tu, mpeleke dirishani Ukumbi wa Vioo, kisha mketi barazani juu ya ngazi. Mstari wote unaonekana kutoka hapo.